Samaki wa Kwanza wa Kabogo

Hebu uoneni, wanangu, mto wa mlimani, maji maangavu hata kokoto zake zinahesabika. Hapo Kabogo mvuvi alinasa samaki wa madoa mekundu. Kwao, samaki wa kwanza hurudishwa mtoni, lakini nyumbani binti yake Wanjeri alikuwa na njaa.

"Nirudishe," samaki akasema.

"Mwanangu atakula nini?"

"Nirudishe."

"Maneno hayo utayamalizia chunguni."

"Baba, nirudishe."

Kabogo akaduwaa. Sauti ilikuwa ya Wanjeri. Akamchomoa ndoana mdomoni, akamwachia, akakimbia nyumbani.

Wanjeri alikuwa mlangoni, nywele zinachuruzika maji, mdomo una tundu la ndoana.

"Baba," akauliza, "mbona ulinikatalia mara mbili?"

Basi, wanangu, nawaomba mkumbuke hili moja tu: samaki wa kwanza ni wa mto.