Baba Mshika Viatu

Wapendwa, fumbeni macho kidogo. Si kwa sala, sala tutaifikia. Fumbeni tu. Na wale mnaofumba macho kila ninapoanza kuhubiri, leo mmepata ruhusa.

Tazameni uwanja. Ni ule wa nyuma ya soko, wenye vumbi jekundu, na ni Jumatatu ya Pasaka, saa kumi alasiri, jua limelegea na kila kitu kina rangi ya chai ya maziwa. Katikati ya uwanja imesimama bembea kubwa, ile ya duara, viti vyake vinaning'inia pande zote na kuyumba. Inazunguka polepole. Kiti kinapanda, kinapanda, mpaka kikifika juu kabisa kinamezwa na mwanga, huoni tena nani kakaa. Halafu kinatokea upande wa pili, na watu wako wamo ndani, wanacheka au wanalia.

Bembea hiyo huja mara moja kwa mwaka. Wanaileta kwa malori mawili, vipande vipande, wanaifunga kwa siku tatu, na siku ya nne hakuna mtoto mjini anayemaliza chakula chake.

Chini ya bembea kuna baba mmoja. Ameshika viatu.

Mniruhusu nieleze viatu. Zamani kidogo, kiatu cha mtu kilichomoka kule juu kikatua kwenye karai la mama mkaanga mihogo. Mafuta yaliruka, na mama akaruka zaidi. Tangu siku hiyo hakuna anayepanda na viatu. Unavua, unapanda pekupeku, na kila familia inamwacha mtu wake mmoja chini avishike, kwa sababu watu walisema uwanja ule viatu vikiachwa peke yake vinaondoka vyenyewe.

Baba huyu alikuwa mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo kazi ikawa yake. Akiwa na miaka kumi na miwili alishika vya wadogo zake. Akaoa, akashika vya mashemeji. Akapata watoto, akashika vya watoto. Miaka ishirini na tisa, na hakupoteza hata kandambili moja. Alivipanga kwenye mikono yake kama mtu aliyebeba kuni, vidogo juu, vikubwa chini, na soksi kaziweka mfukoni.

Na kwa kusimama pale miaka yote hiyo akawa bingwa wa bembea. Watoto waoga waliletwa kwake na majirani. Alikuwa anachuchumaa, anasogeza mdomo sikioni: "Shika chuma kwa mikono miwili. Usitazame miguu yako, tazama paa la kanisa. Kiti kikianza kushuka, toa pumzi." Na ilifanya kazi! Watoto walipanda wakashuka wakitaka kurudia. Maana aliwasikiliza walioshuka, mwaka hadi mwaka, akakusanya maneno yao, akayafanya yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama yeye mwenyewe amepanda. Utamuulizaje mwalimu kama amesoma?

Basi alikuwa na kitindamimba wa kike, miaka minane, mtoto wa kuuliza. Mwaka mmoja kabla ya Pasaka hii, zamu ya binti huyo ilipofika, alimshika baba mkono.

"Baba, huko juu tumbo linafanyaje?"

"Halifanyi kitu."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Ni kama kukaa kwenye kochi la bibi yako."

Mtoto akapanda. Kiti kilipovuka kilele na kuanza kushuka, tumbo likabaki juu, yeye akaja chini peke yake. Alipiga yowe mpaka bembea ikasimamishwa. Akashushwa, nguo ya Pasaka imelowa, na mvua haikuwepo. Kaka zake wawili walicheka njia nzima hadi nyumbani. Yeye hakulia. Alimtazama tu baba yake, vile mnavyomtazama muuza nyama mliyemkuta kaweka kidole kwenye mizani.

Kuanzia siku hiyo, baba akisema chai imepoa, mtoto anapuliza. Baba akisema mbwa yule haumi, mtoto anazunguka njia nyingine. Hakuwa mkorofi. Aliamkia, alitii, alisema "ndiyo baba." Ila neno la baba likawa kitu cha kupimwa kwanza na mtu mwingine.

Halafu likaja jino.

Gego la chini, bovu, limeoza hadi kwenye fizi. Shavu likavimba kama ameficha andazi. Wakaenda kwa daktari wa meno, mtoto akapandishwa kwenye kile kiti kinacholala, taa ikawashwa, na mdomo ukafungwa.

"Fungua, mwanangu," baba akasema. "Haiumi."

Mtoto akajibu bila kutenganisha meno: "Kama kochi la bibi?"

Walimsihi robo saa. Mwishowe daktari akavua glavu. "Mzee, mimi nang'oa meno, midomo siing'oi. Usaha unatafuta njia ya kwenda kwenye mfupa. Mlete Jumatano. Akikataa tena nitaandika barua mkalazwe hospitali ya mkoa, na huko watamlaza usingizi wampasue. Mimi nisingependa kufika huko."

Hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Baba hakulala vizuri siku zote za sikukuu. Aliwaza, akawaza, akapata jibu ambalo mimi na wewe tungelipata pia: mtoto anakosa ujasiri. Nitamrudisha kwenye bembea. Akipanda akashuka salama ataniamini, na akiniamini atafungua mdomo.

Mnaona alipotafuta ugonjwa? Aliutafuta kwa mtoto.

Basi Jumatatu wako kwenye foleni, mtoto na shavu lake. Kaka zake wameshavua raba, wamemrushia baba, wako juu tayari, wanainama kutoka kwenye kiti na kupiga kelele: "Wewe baki na baba! Muwe wawili mshikiane viatu!"

Zamu ikafika. Kiti kikasimama mbele yake, kinayumba. Mtoto akavua viatu vyake, akavishika mkononi, asimpe baba.

"Baba, wewe mara ya mwisho ulipanda lini?"

Baba akahamisha viatu kutoka mkono huu kwenda ule. "Zamani."

Mama aliyekuwa ameshika mkono wa mashine, tiketi kachomeka kwenye kilemba, akaangua kicheko. "Zamani ya wapi? Mzee wa viatu, mwaka wa kumi na nne huu niko na mashine hii. Nyayo zako sijawahi kuziona!"

Foleni ikacheka. Mtoto hakucheka. Anasubiri.

Nawauliza, wapendwa, mngefanyaje? Sisi tuna sentensi yetu tayari, tunaiweka karibu kama fagio nyuma ya mlango: "Unamhoji mzazi mbele za watu?" Baba naye alikuwa nayo. Ilishafika kwenye ulimi. Lakini akaliona lile shavu, limekaza, linang'aa, na macho mawili juu yake yanayouliza kitu kikubwa kuliko bembea.

"Sijawahi," akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata moja."

"Kwa nini?"

"Naogopa, mama. Naogopa tangu nikiwa mdogo kama wewe. Mtu akinipa viatu nishike, nilikuwa nashukuru."

Mtoto akafikiri. Watu nyuma wanasukumana. Kisha akachuchumaa kwenye vumbi, akaanza kufungua kamba za viatu vya baba yake, vile vyeusi vya kanisani.

"Sasa viatu hivi vyote nani atashika?" baba akauliza.

"Weka hapo."

"Na vya kaka zako?"

"Na vyao. Vikipotea tutarudi pekupeku wote."

Na baba akaviweka chini. Mikono yake ilikaa hewani kidogo, haijui pa kwenda. Wakakaa. Chuma kikafungwa. Mama wa mashine, ambaye sasa alikuwa hacheki, akaivuta taratibu kama anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Fumbeni macho zaidi hapa.

Uwanja ulishuka. Hawakuhisi kwamba wao wanapanda, waliona uwanja unashuka, na sauti zake nazo: muziki, mihogo ikilia mafutani, watu wanaoitana. Zilibaki chini kama nguo zilizovuliwa. Wakapita juu ya mabati ya soko. Waliona mgongo wa kunguru anaruka, na ukimwona kunguru kutoka juu unagundua kwamba hujawahi kumwona. Waliona nyumba yao, ndogo, kanga ya mama ikipunga kwenye kamba. Waliona paa la kanisa, lile ambalo baba alikuwa anawaambia watoto walitazame, na juu yake kulikuwa na kandambili ya bluu, kuukuu, imekaa kwenye mfereji wa maji, hakuna ajuaye iliendaje. Baba akaitazama muda mrefu. Upepo ulikuwa na harufu ya mvua ya mbali. Wakaingia kwenye ule mwanga unaomeza viti, na ndani yake hakukuwa na joto wala baridi, ilikuwa kimya tu, na nyayo nne hazijakanyaga kitu.

Halafu kiti kikavuka kilele.

"Baba! Tumbo lako linafanyaje?"

Baba alikuwa ameng'ang'ania chuma, midomo imekauka. "Linaanguka!" akasema. "Limebaki juu! Limebaki... sasa limerudi. Limerudi, mama."

"Na langu!" Na mtoto akacheka kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unaweza kucheka.

Walizunguka mara sita. Waliposhuka, viatu vilikuwa palepale. Jozi nne. Kimoja kimeanguka ubavu. Hakuna aliyevigusa. Miaka ishirini na tisa alilinda kitu ambacho hakuna mtu aliyekitaka.

Jumatano wakarudi kwa daktari. Kiti kikalala, taa ikawashwa. Mtoto akageuza kichwa.

"Baba, itauma?"

Daktari akamkonyeza baba, maana kila mzazi anajua jibu la hapo.

"Itauma," baba akasema. "Halafu itaisha. Nimekaa hapa."

Na mtoto akafungua mdomo.

Fumbueni macho sasa. Mwamsheni jirani.

Sitaki kuwasema watu wasiokuwepo, kwa hiyo nawasema nyinyi, na mimi nikiwemo. Sisi ni mafundi wa kushika viatu. Tumemwambia mjane "jikaze, Mungu ni mwema," tukaenda kula pilau. Tumewaambia vijana wasameheane, na tuna ndugu wa tumbo moja tusiyemwamkia tangu kile kikao cha kugawa shamba. Tumewaambia watoto kwamba bibi amelala, halafu tunashangaa mtoto anaogopa kulala. Tunajua maneno yote. Tazama paa la kanisa, toa pumzi. Maneno yenyewe ni ya kweli! Yule baba hakuwafundisha watoto uongo kuhusu chuma na pumzi. Uongo wake wote ulitokana na mmoja tu, kwamba amewahi kufika huko juu.

Nilikaa chuo miaka mitano nikisoma juu ya imani. Naweza kuwaeleza historia ya bembea hii, nani aliiunda, karne gani, na vyuma vyake vimetoka wapi. Mwaka aliokufa dada yangu ndipo nilipogundua kwamba miaka ile yote mikono yangu ilikuwa imejaa viatu.

Na Mungu tunayemwabudu, je? Alikuwa na kila sababu ya kusimama pembeni atupigie kelele kwamba haiumi. Hakufanya hivyo. Alikaa kwenye kiti chetu, pekupeku. Na zamu ya kushuka ilipofika alitokwa jasho, akasema wazi kwamba moyo wake umejaa huzuni, na akaomba kama kuna njia nyingine. Huyo ndiye akisema "nipo hapa" unaweza kufungua mdomo.

Hawa watoto kumi na wanane waliokaa benchi la mbele, Jumapili ijayo wanapata kipaimara. Mmewashonea nguo. Mmeagiza keki. Mmewaambia kuomba ni rahisi, kuamini ni raha, kama kochi la bibi. Wengine mnawashusha getini asubuhi na kubaki kwenye gari na gazeti, nawaona, dirisha la ofisi yangu linatazama huko. Na watakapovuka kilele chao cha kwanza, tumbo likabaki juu, hawatasema kanisa ndilo lililowadanganya. Watawatazama nyinyi.

Kwa hiyo leo mahubiri sifungi mimi. Watoto, simameni. Nendeni kwa wazazi wenu, kila mmoja kwa wake, mkaulize: "Wewe mara ya mwisho ulipanda lini?"

Na nyinyi wazazi, wekeni chini mlivyoshika. Mikoba, funguo, simu, heshima. Havitaibiwa. Mwambieni mtoto ukweli, hata kama ni neno moja, hata kama ni "sijawahi."

Nasubiri. Amina nitaisema nikisikia mtu anajibu.