Majivu ya Mahimbo, Maua ya Mkwewe

Bi Sauda alipofungua lango la bustani yake, kitu cha kwanza alichokiona ni mkwewe Mahimbo, ameinama katikati ya maua, makalio juu, karai la majivu mkononi, uso mweupe kama aliyeangukia gunia la unga. Cha pili ni maua yenyewe. Aliyaacha ya buluu. Sasa yalikuwa ya waridi, yote, kuanzia mlango wa jikoni hadi ukingo wa bonde.

Hizo zilikuwa haidranjia, zenye vishada vikubwa kama vilemba, ambazo marehemu mumewe alizipanda kwa mkono wake walipohamia Lushoto. Bi Sauda alipoteremka Tanga kumtazama binti yake mdogo aliyejifungua, alimwachia bustani Mahimbo, mume wa binti mkubwa, kwa sharti moja: akiyakuta maua kama alivyoyaacha, atamkatia kona ya chini ajenge. Mahimbo, mpishi wa meli aliyekwangua masufuria kwenye bandari nyingi kuliko alizokumbuka majina, alikuwa ameota mvi bila kumiliki hata kizingiti. Kona ile alikuwa ameshaijengea kichwani, mpaka kigoda cha kukalia mlangoni.

Kisha sisimizi wakaanza kupanda mashina. Akakumbuka dawa ya kila jiko, akamwaga majivu msimu mzima wa mvua. Sisimizi waliyazunguka, wakaendelea na shughuli zao. Maua ndiyo yaliyoikubali dawa.

“Umeyafanya nini?” Bi Sauda aliuliza.

Mama Nuru, jirani aliyembebea mkoba, akasema afadhali Mahimbo angebaki baharini, huko aunguze wali wa watu wasiomjua. Mahimbo akajifuta uso kwa mkono ule ule wa majivu, hali ikazidi kuwa mbaya. Aliona kwamba pole peke yake haitafika popote. Akawaomba akina mama wakae barazani wapumzishe miguu, naye akalipindua karai, akalikalia, akaanza kusimulia kwa sauti ambayo hata yeye hakuizoea, ya polepole, isiyo na mzaha.

Zama hizo, alisema, mvua ilikuwa haijajifunza kunyesha. Milima hii ilinyweshwa na ukungu peke yake. Ulishuka kila alfajiri bila kishindo, ukalala juu ya haidranjia, na haidranjia zikaunywa mpaka zikawa na rangi yake, ile buluu ya milima inapotazamwa kutoka mbali. Kijiji kizima kilichota maji humo. Wanawake walipita na vibuyu, wakavikinga chini ya vishada, wakavitikisa taratibu, na maji yakashuka yakiwa bado na usingizi.

Sisimizi nao walikuwa wachungaji. Ng'ombe wao ni vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaonyonya majani. Siku hizo hawakujua msafara. Kila mmoja alishika njia yake, akiimba wimbo wake, na hakuna aliyepotea, kwa kuwa ardhi yote ilinukia ua, na kila njia ilifika kwenye ua.

Mifugo ikaongezeka. Sisimizi wakajaa kwenye vishada mpaka ukungu ukishuka unakosa pa kulala. Basi asubuhi moja mama mmoja mzazi alitoka na kibuyu kutafuta maji ya kumwogesha mwanawe, aliyezaliwa usiku na mwili ukawaka homa. Akatikisa ua, wakadondoka sisimizi watupu. Akawaomba waondoke. Wakamjibu kwa upole kwamba hata wao wana wa kuwanywesha. Mama hakuwa na ugomvi nao, ila mtoto alikuwa anazidi kuwaka. Akarudi jikoni, akachota majivu yaliyokuwa bado na uvuguvugu, akalizungushia ua.

Sisimizi waliokuwa nje walipofika kwenye duara lile, harufu ya ardhi ikakatika. Kwa mara ya kwanza hawakujua walipo. Wakatafutana, wakashikana mmoja nyuma ya mwenzake, wakaanza kuzunguka. Waliokuwa juu wakawasikia wenzao wakilia, wakashuka kuwafuata. Ukungu ukapata nafasi, ukalala, kibuyu kikajaa, mtoto akaogeshwa, akapoa, akalala.

Lakini majivu yalikuwa yamezama hadi kwenye mizizi. Ua lile, ambalo maisha yake yote lilijua baridi tu, likaonja moto. Likapata joto kama mtu aliyekaribishwa jikoni, na hadi jioni likawa na rangi ya kiganja cha mtoto mchanga. Ukungu uliposhuka alfajiri ya pili haukulitambua. Ulisimama juu yake kidogo, kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha ukapanda mlimani, na huko ndiko ulikojifunza kulia. Hiyo ndiyo mvua ya kwanza.

Na tangu siku hiyo, alisema Mahimbo, wanawake huteremka mtoni kuchota maji. Sisimizi huandamana, na wakikutana njiani hugusana vichwa, wakiulizana kama kuna aliyeliona ua. Na haidranjia iliyo mbali na majiko hubaki ya buluu, ikiusubiri ukungu, ila iliyoonja majivu huwa ya waridi. Si ugonjwa, mama. Inakumbuka tu kwamba ndani ya nyumba kuna mtoto aliyepona.

Mama Nuru alikuwa ameshika tama, amesahau kucheka. Ukungu ulikuwa unashuka bondeni, na msafara wa sisimizi ulipita juu ya kiatu cha Mahimbo, ukakata katikati ya majivu bila kujali, ukaelekea kwenye ua. Akausogeza mguu polepole ili Bi Sauda asiwaone.

Bi Sauda alikuwa ameshawaona. Alinyanyuka, akashuka bustanini, akakitia kishada kimoja kiganjani, akakitazama kitambo kirefu, kama alivyokuwa akimtazama mjukuu wake huko Tanga. Kisha akajipangusa majivu kwenye kanga.

“Jenga, mkwe,” alisema. “Lakini utapikia gesi.”