Pimbi Awaombea Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto wao chuoni kama nyie mtakavyopelekwa mkiacha uvivu, palikuwa na ushirika wa maombi kila Jumapili jioni. Sogeeni basi, haya mambo hayasemwi kwa sauti.

Kulia mwa ukumbi ulikaa ukoo wa Tembo. Hao huimba wameketi, polepole, wimbo mmoja unatosha kuivisha maharage. Kushoto ulikaa ukoo wa Nyati. Hao wasipopiga kwato pu, pu, pu, vumbi likatimka, hawahesabu kwamba wamemsifu Mungu.

Katikati alikaa Pimbi, kadogo ka kwenye majabali, asiye na ndugu hata mmoja pale chuoni.

Ibada ikiisha, chai. Tembo na Tembo, Nyati na Nyati. Kila aliyempita Pimbi alimwambia kwa upole, "Karibu, mgeni." Muhula mzima, mgeni. Mwishowe Pimbi akaanza kufunga begi, aache masomo, arudi kwao.

Alipofika kwenye soksi akasita. Hawa wana ugonjwa mmoja, akawaza, na dawa yake ninayo.

Na kweli, wajukuu zangu. Watu wa maombi hawasengenyi, hata kidogo. Wao huombeana. "Tumwombee fulani, lakini ibaki kati yetu." Hapo nani atapata usingizi kabla hajajua fulani kafanya nini?

Pimbi akamwendea Kaka Tembo, mwenyekiti wa ushirika.

"Bwana asifiwe, kaka."

"Amina, mgeni."

"Nina ombi la siri. Ni kuhusu Dada Nyati, yule wa kwaya."

Masikio ya Tembo yakafunguka kama miavuli. "Kwangu siri imefika kaburini. Sema."

"Ana upweke. Anakula peke yake, kaugeukia ukuta. Anatamani kukaa nanyi, anaona haya. Hata begi ameanza kufunga."

"Maskini. Na ule mwili wote?"

"Upweke hauangalii mwili, kaka."

Akatoka hapo tii, mpaka kwa Dada Nyati.

"Dada, tumwombee mtu, lakini usiseme nimesema."

"Nani tena?" Nyati akauliza, kiti keshakisogeza.

"Kaka Tembo. Anakula peke yake, kaugeukia ukuta." Akamsimulia yote, mpaka begi.

"Ndiyo maana anaimba vile," Nyati akasema. "Kumbe ni huzuni."

Jumapili iliyofuata, chai ilipomiminwa, Tembo akavuka ukumbi na chapati zake. Nyati naye akavuka na viazi vitamu vyake. Wakakutana katikati, kila mmoja kavaa uso wa matanga.

"Pole, dada. Usilie."

"Nilie nini? Pole wewe. Mungu anakuona pale ukutani."

"Ukuta gani?"

"Unapokula peke yako."

"Mimi nakula na binamu zangu wote, hata kijiko hawaniachii. Anayekula peke yake ni wewe. Na begi umefunga."

"Nani kasema?"

Wakatazamana. Kisha wakatazama chini, miguuni pao. Pimbi alikuwa pale, anapuliza chai.

"Pimbi," Tembo akasema, "umetudanganya."

"Shida niliyoisema ni ya kweli, kaka. Nimebadilisha mwenye shida tu."

Nyati alitaka kukasirika, pua zikagoma kufura. "Wiki nzima namwombea huyu mkubwa," akasema, "na huyu mdogo namruka kila Jumapili."

"Hata hivyo, uongo ni uongo," Tembo akasema. "Leo masufuria yote utaosha wewe."

"Na Jumapili ijayo," Nyati akaongeza. "Usidhani tutakuonea haya."

Pimbi akainamisha kichwa, mnyonge kabisa. Alipofika jikoni akacheka mpaka akajishikiza kwenye ndoo. Mgeni haoshi masufuria, wajukuu zangu. Anayeosha ni mwenye nyumba.

Mara akasikia kwato mlangoni. "Wewe Pimbi, lile kubwa haliwezi kuoshwa hivyo, utatumbukia. Lete huku." Nyuma yake Tembo anakuja, mkonga umejaa maji, binamu zake wanagombania majivu ya kusugulia.

Ukitaka mgeni awe ndugu, usimkaribishe kila siku; mpe kazi.