Udongo wa Nyuma ya Zizi

Mvua ya kwanza ikinyesha kijijini Kwihara, ardhi hutoa harufu ya kumtia mjamzito wazimu. Ndivyo ilivyomkuta Bernadeta. Matone yalipolowesha vumbi, mate yalimjaa kinywani, naye akakitamani kichuguu cha nyuma ya zizi kuliko alivyopata kutamani pilau ya Krismasi. Cheka ukitaka, lakini hamu ya mjamzito haina adabu, haibishi hodi.

Alikuwa na hamu nyingine kubwa zaidi: alitaka mtoto. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na tangu hapo kila alipomwona mwanamke akifunga mbeleko, aligeuza uso kama aliyeingiwa na vumbi jichoni. Mumewe, Tobias, alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki. Jioni Bernadeta alikaa mlangoni peke yake, akipapasa tumbo lake la miezi sita na kumnong'oneza aliyemo, "Kaa, mwanangu. Usiniache kama mwenzako."

Basi kwa nini alikula udongo kwa siri? Aibu, jamani! Mimba ile ilipoharibika, aliwasikia wanawake kisimani wakisema kuwa amemla mwanawe kwa tamaa zake. Maneno hayo yalimchoma, akaapa kwamba safari hii hakuna atakayejua anatamani nini.

Mama mkwe wake, Bibi Gaudensia, alimpenda kama mboni ya jicho. Kila mchana alimpikia ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akayaunga kwa karanga mpaka mafuta yakaelea. Bernadeta alishukuru kwa kupiga magoti. Bibi akigeuka tu, chakula kinakwenda kwa mbwa, naye anachepuka nyuma ya zizi kumega kichuguu, kisha anajifuta kinywa kwa kanga. Mbwa akanona. Bernadeta akapauka midomo, ikawa hawezi kutoka kisimani bila kutua ndoo njiani apumue.

"Mwanangu, u mzima kweli?" Bibi aliuliza.

"Mzima, mama. Ni joto tu."

"Joto gani, na mvua yote hii?"

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Nesi Julieth alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akakunja uso. "Dada, damu yako iko chini sana. Ukijifungua hivi, tunaweza kukupoteza. Na mtoto hakui inavyotakiwa. Unakula nini?"

Bibi akadakia kwa fahari, "Anakula vizuri sana! Nampikia mwenyewe, na sahani inarudi tupu."

Bernadeta akainamisha kichwa. Angeitikia tu, aibu ingepita. Lakini hapo mtoto akacheza tumboni, kidogo mno, akahisi kana kwamba anamuaga. Machozi yakamtoka. "Sili, mama. Anayekula ni mbwa. Mimi nakula udongo wa kichuguu. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa."

Bibi alisimama, mikono kiunoni. "Nsansa yangu? Ya karanga? Mbwa!" Kisha akaketi, akajifunika uso kwa kanga na kulia. "Mwanangu, ungeniambia. Ningekucheka siku moja, nikakusaidia siku zote."

"Hamu hiyo si ulafi," Nesi alisema kwa upole. "Mara nyingi ni damu iliyopungua. Ila udongo unakudanganya. Unajaza tumbo, unaleta minyoo, na unauzuia mwili kupata madini ya chuma. Utameza vidonge vya kuongeza damu, na ule mboga za majani, maharage, dagaa, matunda na mayai."

"Mayai?" Bibi alishtuka. Kwao mjamzito hali yai, mtoto asije akazaliwa na kipara. Akamtazama mkwewe aliyepauka, akashusha pumzi. "Haya, na azaliwe na kipara! Tutamvalisha kofia."

Tangu siku hiyo walikula sahani moja. Hamu ilipompanda, Bernadeta alisema waziwazi, "Mama, leo kichuguu kinaniita," na Bibi akamshika mkono, akampa karanga za kukaanga atafune mpaka ipite. Siku nyingine haikupita, akalia, Bibi akakaa naye. Taratibu midomo ikarudiwa na rangi.

Alijifungua mtoto wa kike, mdogo lakini hodari wa kunyonya. Damu ilimtoka nyingi, kama Nesi alivyohofia, ila mwilini ilikuwemo ya kumbakiza hai. Tobias aliporudi kutoka porini, alimkuta mkewe anacheka na kulia kwa pamoja. Bernadeta alimlilia pia yule wa kwanza aliyempoteza, maana hamu ya mtoto haizimwi na mtoto mwingine.

Jirani yao Marcelina, naye mjamzito, alikuja kumtazama mtoto. Alihema kwa kupanda kizingiti tu. Bernadeta alingoja Bibi atoke, akauliza, "Mwenzangu, unakula nini?"

"Mimi? Mbona nakula vizuri tu," Marcelina alijibu, akitazama pembeni.

Bernadeta akamsogelea, akamwekea mtoto wake mapajani. "Mtazame huyu, halafu unijibu tena. Mimi nilikaribia kumkosa kwa jibu hilohilo. Sema, dada yangu: mficha uchi hazai."