Neno la Kisiwe

Salamu imrukayo mdogo haivuki mto. Mmeisikia leo kwa baba yenu mdogo alipokuwa akigawa mialiko ya harusi, nanyi mkaja mbio kuuliza ni mto gani na salamu gani. Haya, sogezeni vigoda. Ilikotoka ni huku.

Palikuwa na nchi ya milimani iitwayo Kilole. Haikuwa na chumvi wala chuma, ila vitunguu vyake vilisifika. Ng'ambo ya mto kulikuwa na nchi nne zilizoungana: soko lao moja, ushuru wao mmoja, na lango la kuingilia moja. Kubwa kuliko zote ilikuwa Bweta. Ndogo ilikuwa Kisiwe, kipande cha ardhi ya matete kando ya mto. Mtu akipiga chafya mwanzo wa nchi, wa mwisho wa nchi humwombea afya.

Mwaka huo mtemi wa Kilole alimtuma mjumbe wake, Namkunda, akaviombee vitunguu njia katika soko la muungano. Namkunda alikwenda na mwanawe mchanga mgongoni, akafanya kama alivyolelewa. Kwao Kilole, ukishamwamkia mkubwa wa nyumba umeiamkia nyumba nzima. Kuwazungukia wadogo mmoja mmoja ni kumvunjia mkubwa heshima. Basi akaipita Kisiwe bila kusimama, akafika Bweta, akakaribishwa, akapewa neno: "Leteni."

Vitunguu vikavunwa. Wabebaji sitini wakashuka navyo hadi mtoni. Pale mlinzi wa kivuko akawazuia.

"Neno la Bweta ninalo, na la zile nchi mbili nyingine pia. La Kisiwe sina. Sheria ya muungano ni kwamba mmoja akinyamaza, lango halifunguki."

Siku tatu zikapita. Manyunyu yakaanza, na vitunguu vikaanza kuchipua ndani ya matenga. Mkufya, mkulima aliyekuwa na matenga mengi kuliko wenzake, akaja juu.

"Mama mjumbe, wanangu wanakula mboga chapwa bila chumvi tangu kiangazi! Mwambie mkubwa wa Bweta akibane hicho kijinchi."

"Au tufunge njia yetu ya mlimani," mwingine akadakia. "Tuone ng'ombe wao watapita wapi."

Namkunda aliyatazama matenga, moyo ukamuuma. Kubana kungewezekana. Lakini mtu aliyebanwa hufungua mlango siku hiyo tu. Kesho yake anautia gogo. Akamkaza mtoto mgongoni, akamwomba mlinzi amvushe, kwani mjumbe hazuiwi, akaenda Kisiwe.

Alimkuta Mzee Semkiwa, msemaji wa nchi ile, anasuka tenga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo umepaona?"

"Nimepaona, babu. Nimechelewa."

"Mwezi wa kulima tuliambiwa wageni wa Kilole wanakuja. Mke wangu akachinja jogoo, na jogoo mwenyewe alikuwa mmoja. Mkapita mkatutimulia vumbi mpaka kwenye chungu."

Namkunda aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akaeleza desturi ya kwao, bila kujitetea sana. Mzee akacheka kidogo.

"Kumbe! Sisi tukadhani ni jeuri. Lakini jambo lenyewe si jogoo, mjukuu wangu. Njoo uone."

Nyuma ya nyumba vilianikwa vitunguu vidogo, vingine kama kokwa.

"Hivi ndivyo vyetu. Vyenu vikifika sokoni siku moja na hivi, nani atavigusa hivi vyetu? Na sisi chumvi tunanunua. Hakuna aliyetuuliza."

Namkunda akaokota kimoja, kikapotea kiganjani. Njia nzima alikuwa akifikiria watoto wa Kilole tu.

"Mnahitaji siku ngapi kuviuza?"

"Kumi na nne."

"Vyangu vinachipua, babu."

"Najua."

Mtoto akalia. Mke wa mzee akatoka, akampokea, akambembeleza. Mzee akakuna kidevu.

"Basi saba. Na matete ya kuanikia vyenu tutawapa, visije vikaoza."

"Saba," Namkunda akasema. "Na kila mwaka vyenu vitangulie."

Wakapeana mikono. Aliporudi hakuwaficha wenzake kitu. "Kosa lilikuwa langu," aliwaambia, "na kungoja ni kwetu sote." Walinung'unika, lakini walianika. Siku ya nane lango likafunguka, na chumvi ikapanda Kilole. Hata hivyo, matenga manne ya Mkufya yalikuwa yameoza, na alilalamika mwaka mzima.

Mavuno yaliyofuata, msafara ulipokanyaga ng'ambo, wabebaji wapya wakashika njia ya Bweta. Aliyewaita warudi hakuwa Namkunda. Alikuwa Mkufya, sauti yake ikisikika mpaka ng'ambo ya pili.

"Nyie! Mnakwenda wapi? Tunaanzia Kisiwe! Mimi nimeshalipia somo hili kwa matenga manne: salamu imrukayo mdogo haivuki mto."