Boneti ya Ile Pijo ya Kijani

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana magari yalikwisha kuwepo, huko milima ya Upare wanakolima tangawizi, aliishi mjane mmoja aitwaye Naelijwa. Alikuwa na kiuno kinachouma, watoto watatu wazima wasioiva chungu kimoja, na gari bovu aina ya Pijo aliloachiwa na marehemu mumewe.

Gari hilo halikuwa limetembea tangu msiba. Lilikaa uani, mkia chini ya bati, pua juani. Rangi yake ya kijani, ileile lililotoka nayo kiwandani, ilikuwa imefifia hadi ikafanana na jivu. Ukiliegemea linakuachia unga kwenye nguo. Kuku walilipenda. Naelijwa hakulipenda wala hakulichukia. Yeye kila siku ya soko alijitwika tangawizi kichwani mpaka barabara kuu, na gari lisilobeba tangawizi alilihesabu kama banda tu.

Siku moja akaja Bwana Lyatuu, mtu wa Moshi anayekusanya magari ya kale. Akalizunguka, akainama, akalowesha kidole kwa mate na kukipitisha kwenye boneti. Pale kilipopita, kijani kikachungulia.

"Mama, rangi hii haijawahi kuguswa na fundi?"

"Nani aiguse? Sisi hata nyumba hatujapaka."

"Basi sikiliza. Nina pikapu nzima, inatembea. Nitakupa pikapu, unipe hili. Lakini likipakwa rangi mpya silitaki. Nataka hiihii irudishwe." Akamwachia mkebe wa dawa ya kusugulia. "Boneti ndiyo iliyoungua zaidi. Isuguliwe kwa kitambaa, taratibu, mara moja tu. Kilichobaki hapo ni chembamba kama ganda la kitunguu. Jumamosi naja na pikapu."

Pikapu! Naelijwa akaketi kwanza. Kisha akafikiri kama anavyofikiri mama anayewajua wanawe. Nikiwaambia wote, kila mmoja atamwachia mwenzake. Nikimwambia mmoja, atasahau. Basi akawaambia wote, lakini mmojammoja.

Akamwita Mbazi, mkubwa: "Mwanangu, isugue ile boneti taratibu, na wenzako wasijue."

Akamwita Namsifu, wa kati: "Mwanangu, isugue ile boneti taratibu, na wenzako wasijue."

Akamwita Heriel, wa mwisho, ambaye naye alikuwa na mke na ndevu: "Mwanangu, isugue ile boneti taratibu, na wenzako wasijue."

Yale maneno ya mara moja tu hakuyasema. Aliona hayana haja. Akipatikana hata mmoja wa kusugua, ni wa kumshukuru Mungu.

Wakasugua wote.

Jumamosi asubuhi Naelijwa alikuwa anafunga magunia ya tangawizi mlangoni. Akasikia Heriel anapiga yowe uani, yowe la mtu aliyekanyaga nyoka. Akakimbia. Boneti ilikuwa inawaka kijani pande zote, kijani ambacho alikuwa hajakiona tangu harusi yake, na katikati, pana kama sinia, lilikuwa bati tupu, jeupe, linamtazama.

"Yesu wangu! Umefanya nini?"

"Mama, nimepitisha kitambaa tu!"

Mbazi akatokea mbio. "Nani kakutuma? Hiyo boneti nilishaisugua mimi Jumatatu!"

"Wewe?" akasema Namsifu nyuma yake, mkono mdomoni. "Mimi nimeisugua Jumatano."

Kabla hawajafunga midomo, honi ikalia njiani. Bwana Lyatuu akashuka kwenye pikapu, injini ikinguruma bado. Akaitazama boneti muda mrefu. Hakugomba, na hilo ndilo lililowatisha.

"Mama, si nilikuambia mara moja tu?"

Akarudi kwenye pikapu, akaigeuza, akaondoka nayo tupu.

Naelijwa akabaki na kamba ya gunia mkononi. Watoto nao wakavamiana kwa maneno.

"Mimi nilianza," akasema Mbazi. "Nilisugua kwa nguvu, sikatai. Lakini nimeondoka hapa kijani ni kizima. Mtanilaumuje kwa kitu nilichokiacha kizima?"

"Kwa nguvu gani? Wewe kaka hata mswaki unavunja!" akasema Heriel.

"Mimi," akasema Namsifu, "nilikuta kitambaa chake nyuma ya tairi, kimejaa kijani. Nikajua kapita. Nikasema huyu kazi zake ni za kulipua, ngoja nimalizie. Nilitumia mkono mwepesi, kama namwogesha mtoto mchanga."

"Ulijua kapita, ukanyamaza?"

"Mama alisema wenzangu wasijue. Nilitii."

"Na mimi je?" Heriel alikuwa karibu kulia, na ndevu zake. "Nimekuta vumbi la barabara, nikapangusa, nikasugua. Hata jasho halijanitoka, bati hilo! Mmekula ubwabwa wote, mimi nimekutwa nakwangua sufuria, naitwa mwizi!"

Kisha wote kwa pamoja wakamgeukia mama yao.

"Mama," akasema Mbazi polepole, "uliambiwa mara moja tu. Ukatutuma watatu?"

Naelijwa akawanyooshea ile kamba ya gunia. "Ningemtuma mmoja, ni yupi kati yenu angefanya? Haya, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

Kule chini kwenye barabara kuu lori la sokoni lilikuwa linakaribia, na lori hilo halimsubiri mtu. Magunia yalikuwa palepale mlangoni, na pikapu haikuwepo. Mbazi aliyekwangua sana akamtazama Namsifu. Namsifu aliyejua na kunyamaza akamtazama Heriel. Heriel aliyetoboa rangi bila kujua akamtazama mama. Naelijwa naye alishika kiuno, akayatazama magunia.

Sasa mnaosikiliza, msinitazame mimi, semeni ninyi. Je, nani alistahili kuinama na kujitwika gunia lile, na mengine yote ya msimu ule?