Aliyewahurumia Wanawake wa Roma

Wapendwa, palikuwa na kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, aliyepangiwa somo la utangulizi wa historia ya Roma ya kale. Mwanzoni alinuna. Roma inamhusu nini yeye? Lakini kadiri mhadhiri alivyoeleza, ndivyo somo lilivyomkolea. Mara masoko yao, mara mazishi yao, mara miungu waliyoitengea pembe ndani ya nyumba. Kijana akawa haambiliki. Kwenye chakula, Roma. Kwenye foleni ya bafu, Roma.

Siku moja ikafika zamu yake ya kuwasilisha mada mbele ya darasa. Akachagua majina ya wanawake.

"Jamani," akasema, "Mrumi akipata binti hakuhangaika kumtafutia jina. Alimpa lile la ukoo. Katika ukoo wa Klaudio, kila binti ni Klaudia. Wakizaliwa watatu, wote Klaudia: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akiolewa, anakuwa Klaudia wa fulani. Sasa mtu mwenyewe yuko wapi hapo?"

Alilisema hilo kwa uchungu. Darasa likapiga makofi, na mhadhiri akamsifu kwamba ana moyo wa mwanahistoria. Mnaona huruma aliyokuwa nayo? Aliwasikitikia wanawake waliokufa karne nyingi kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Likizo ikaja, akarudi kwa bibi mzaa mama, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Bibi alikuwa ameketi mkekani na ungo wake, anachambua mchele. Kijana yuko kwenye kochi, kompyuta mapajani. Bibi akamuuliza anasoma nini, naye akamsimulia yote ya akina Klaudia. Bibi akacheka kidogo, kisha mkono wake ukatulia juu ya ungo.

"Na mimi je, unajua jina langu?"

"Wewe si Bibi!"

"Ninalo jina alilonipa baba yangu. Hapa hakuna anayelijua. Nililetwa nikiwa mdogo, wakati wa njaa, na ya kwetu sijapata kuyasema, yalikuwa yananiuma. Leo nimejisikia kuyasema. Sogea nikuambie."

Kijana akatazama kompyuta. Mtihani ulikuwa unakaribia, na alitaka alama za juu.

"Bibi, ngoja nimalize mtihani, nitakusikiliza vizuri. Hii historia ni ngumu."

"Haya, mume wangu," bibi akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu, na mkono ukarudi kwenye mchele. "Wasome hao kwanza. Wao ndio wana haraka."

Niwaulize, wapendwa: angepoteza nini kama angeifunika ile kompyuta? Asingefeli mtihani kwa jioni moja. Na kweli mtihani aliufaulu, tena vizuri. Ila matokeo yalipotoka, bibi alikuwa ameugua homa na kufariki.

Msibani wajomba wakamwita. "Wasifu wa marehemu utaandika wewe," mjomba mkubwa akasema. "Tuna mwanahistoria ndani ya nyumba, tuhangaike na nani?" Kijana akachukua kalamu kwa kujiamini. Akaandika neno "Marehemu", na papo hapo akakwama. Marehemu nani? Ikabidi amuulize mjomba, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie.

"La ubatizo ni Klaudia," mjomba akamjibu. "La kwao hakutuambia hata sisi wanawe."

Klaudia! Kijana akahisi uso unawaka. Alikuwa amelitamka jina hilo mbele ya darasa zima, akalitamka tena mbele ya bibi mwenyewe, asijue anamtaja nani.

Wakati huo fundi wa msalaba alikuwa amesimama mlangoni, ana brashi yenye rangi. "Niandike Klaudia binti nani?" akauliza. Mjomba akamgeukia kijana.

"Wewe ulikaa naye likizo nzima. Hakukuambia neno?"

Angejibu nini? Aseme bibi alitaka kumwambia, yeye akamwambia angoje? Hakuthubutu.

"Hakuniambia," akasema.

Basi fundi akaandika Klaudia, na chini yake, mke wa fulani. Vilevile kabisa kama kule Roma. Makaburini kijana alishindwa kuinua uso. Akina mama wakamshika mabega: "Pole, baba, ulimpenda mno bibi yako." Kila pole ilimchoma, kwa sababu wao walidhani ni majonzi, na ilikuwa aibu.

Sasa tunamtikisia kichwa yule kijana. Sisi je? Msiangalie dari, nitazameni mimi. Kila Jumapili tunapokiri imani yetu tunamtaja Pontio Pilato, liwali wa Kirumi, na hata watoto wetu hawakosei jina lake. Na yule mama wa benchi la nyuma, anayefua na kupiga pasi vitambaa vya meza ya Bwana, anaitwa nani? Tunamwita "yule mama". Wafu wa mbali tunawajua kwa majina, na aliye karibu tunamwambia angoje. Tuone aibu, wapendwa, inatustahili. Ila aibu yetu bado ina dawa, maana yule mama hajafa. Ameketi pale, anatusikiliza. Ibada ikiisha, asikimbilie mtu mlangoni. Tumwendee, na akisema "sogea nikuambie", tusogee.